Maombi ya Mbali Kwenye AS/400: Niliyojifunza Nikilinda Data za Kampuni ya Pembejeo Arusha

Kampuni niliyoifanyia kazi kwa miaka mingi husambaza mbegu, mbolea na viuatilifu kutoka ghala kuu lililoko Unga Limited, Arusha, kwenda matawi ya Moshi, Karatu na Babati. Mahesabu yake yote hukaa kwenye kompyuta moja ya IBM ambayo wafanyakazi wamezoea kuiita AS/400, ingawa mtengenezaji ameibadilisha jina mara kadhaa: iSeries mwaka 2000, System i mwaka 2006, na tangu 2008 mfumo wake wa uendeshaji unaitwa IBM i na hufanya kazi kwenye mashine za IBM ziitwazo Power. Jina la zamani limedumu kwa sababu programu zilizomo nazo ni za zamani. Ankara, madeni ya vyama vya msingi vya ushirika, hesabu za stoo na mishahara vinaendeshwa na programu za RPG, lugha ya zamani ya IBM ya kuandikia programu, zilizoandikwa enzi ambazo karani alikaa mbele ya skrini ya maandishi ya kijani, akaingiza jina lake na nenosiri, akapata menyu yake, na hakuwa na namna nyingine yoyote ya kuifikia data.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia mfumo huo, na sehemu iliyonifundisha mambo mengi kuliko zote ilikuwa kudhibiti maombi ya mbali, yaani wale wanaoifikia data kutoka kompyuta nyingine bila kupita kwenye menyu. Ninaiandika kwa ajili ya wasimamizi wenzangu, hasa wanaorithi mashine ya namna hii ikiwa imeshazeeka ndani ya kampuni na kila mtu anaiamini kwa sababu haijawahi kuzima.

AS/400 ilipoingia sokoni mwaka 1988, ulinzi wa menyu ulikuwa na mantiki. Karani wa kaunta alipewa menyu yenye kutoa ankara, kuangalia bei na kuchapa risiti, na kwenye akaunti yake kipengele cha LMTCPB kiliwekwa ili asiweze kuandika amri kwenye mstari wa amri. Kwa kuwa skrini ilikuwa imeunganishwa na mashine kwa waya wake maalumu, asichokiona kwenye menyu kwa kweli hakukifikia. Miaka ya 1990 mashine hizi ziliunganishwa na mitandao ya TCP/IP, aina ileile inayotumika kwenye intaneti, na huduma mpya zikaongezeka: FTP ya kuhamisha mafaili, ODBC inayoiwezesha Excel kuvuta data moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata, DDM inayoiruhusu mashine moja kusoma faili la mashine nyingine, na NetServer inayoyaonyesha mafolda ya AS/400 kwenye Windows kama diski ya kawaida. Kila huduma kati ya hizo kwa kawaida inamwuliza mtumiaji jina na nenosiri lilelile analotumia kwenye menyu, kisha haijali tena kama menyu ipo au haipo.

Kuanzia hapo kinachobaki kumzuia mtu ni haki alizopewa juu ya faili lenyewe, na haki hizo ndizo zilizokuwa hazijawahi kushughulikiwa. Mfumo hutoka kiwandani ukiwa na kigezo kinachoitwa QCRTAUT, na thamani yake ya awali ni *CHANGE. Maana yake ni kwamba faili jipya linapoundwa, isipokuwa maktaba husika, yaani kundi la mafaili linamokaa, imewekewa utaratibu mwingine, kila mwenye akaunti kwenye mashine anaweza kusoma rekodi zake, kuongeza, kubadilisha na kufuta. Waandishi wa programu zetu hawakuona sababu ya kubana zaidi, maana menyu ilikuwa inatosha. Faili la mishahara lilikuwa na haki hizo hizo, na la madeni ya wateja vilevile.

Nilipotaka uongozi uelewe jambo hili niligundua kwamba maelezo ya mdomo hayafiki mbali. Niliomba ruhusa kwa maandishi, nikatengeneza akaunti ya majaribio inayolingana kwa kila kitu na ya karani wa kaunta, nikaenda ofisini kwa mkuu wa fedha, mama mtu mzima mwenye heshima kubwa pale kazini. Baada ya kumwamkia nilifungua Excel mbele yake, nikaingia kwa akaunti ile, nikachagua maktaba ya mishahara. Safu zilijaa kwenye skrini.

"Hii akaunti ni ya nani?" akaniuliza.

"Ni sawasawa na ya kijana yeyote wa kaunta, mama."

"Kwa hiyo kijana wa kaunta ya Karatu anaweza kuuona mshahara wangu?"

"Anaweza kuuona. Na akitumia programu nyingine badala ya Excel, anaweza pia kuubadilisha, na menyu yake isijue kitu."

Hakuniuliza swali la tatu. Alichukua simu, na wiki ileile nilipata barua ya kuanza kazi pamoja na mamlaka ya kuziuliza idara zote jinsi zinavyotumia data. Barua hiyo ilikuwa muhimu kuliko programu yoyote niliyoandika baadaye, kwa sababu kazi hii inagusa mazoea ya watu, na msimamizi asiye na barua hukwama mara tu meneja mmoja anapolalamika.

Kishawishi cha kwanza katika hali kama hiyo ni kufunga kila kitu siku hiyohiyo. Sikufanya hivyo, na hadi leo ninamshauri kila anayeniuliza asifanye. Huduma hizi zimetumika kwa miaka bila mtu kuziorodhesha, na ukizifunga bila kujua nani anazitumia, malipo ya wauzaji yatakwama, lori litakaa ghalani likisubiri hati, na uongozi utakuamuru ufungue tena. Ukishafungua kwa amri ya namna hiyo, kufunga mara ya pili ni vigumu sana. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusikiliza.

IBM i ina utaratibu mzuri wa kusikiliza. Huduma nyingi za mtandao, kabla ya kutekeleza ombi, hutazama kama kuna programu ya mwenye mashine iliyosajiliwa mahali hapo, na kama ipo huiita na kuipa maelezo: nani anaomba, huduma gani, faili gani au sentensi gani ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Programu hiyo hujibu moja au sifuri, yaani ruhusu au kataa. Ofisini mahali hapo tulipaita geti, na nitalitumia jina hilo hapa. Amri ya WRKREGINF inayaorodhesha mageti yote, na kila moja lina jina lake: QIBM_QZDA_INIT ni pale mtu anapofungua mawasiliano na hifadhidata, QIBM_QTMF_SERVER_REQ ni la maombi ya FTP, QIBM_QZRC_RMT ni la amri zinazotumwa kutoka mbali, na QIBM_QPWFS_FILE_SERV ni la mafolda. Niliandika programu fupi ambayo kazi yake ilikuwa kunakili ombi kwenye faili la kumbukumbu na kujibu moja kila mara, nikaisajili kwenye mageti hayo.

Kuna mambo matatu ya kiufundi ambayo mtu akiyapuuza kumbukumbu zake zitakuwa na mapengo. La kwanza, kwa sentensi za SQL kuna mageti mawili yanayofanana, na lile la QIBM_QZDA_SQL1 huipa programu herufi 512 za mwanzo tu. Sentensi ndefu inaweza kutaja faili nyeti baada ya herufi hizo na wewe usilione, kwa hiyo tumia QIBM_QZDA_SQL2 inayopokea sentensi ndefu zaidi. La pili, kazi zinazohudumia ODBC huwa zimeanzishwa mapema na kukaa tayari, hivyo usajili mpya hautazigusa mpaka uzizime na kuziwasha upya. Panga kufanya hivyo usiku. La tatu, kazi hizo, ambazo jina lake ni QZDASOINIT, huonekana kwenye orodha ya kazi zikiwa na jina la QUSER, na mtu asiyefahamu anaweza kudhani kuwa QUSER ndiye anayevuta data. Mtumiaji halisi ni yule anayeandikwa kama mtumiaji wa sasa ndani ya kazi, na ndiye programu ya geti inapewa jina lake.

Niliacha kumbukumbu zijikusanye hadi zilipopita shughuli za kufunga mwezi, kufunga robo mwaka, na msimu wa kupanda wa masika, kwa sababu ripoti nyingine huombwa mara moja tu kwa msimu. Hapo ndipo mtu anapoona kwamba kampuni inaendeshwa na vitu ambavyo havimo kwenye mchoro wowote wa mfumo. Faili la malipo ya benki lilikuwa linachukuliwa kwa FTP na kompyuta ya kawaida iliyokaa chini ya meza ya mhasibu. Mtu wa bei Moshi alikuwa na jedwali la Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, lililounganishwa na faili la bei, na aliweza kuandika humo bei mpya bila kupita kwenye fomu ya idhini. Programu ya kuandaa safari za malori, iliyotengenezwa na mtaalamu wa nje, iliingia kwa akaunti yenye *ALLOBJ, yaani madaraka juu ya kila kitu kilichomo kwenye mashine, na nenosiri lake lilikuwa limeandikwa wazi ndani ya faili la mipangilio.

Kisa kilichonifunza zaidi ni cha tawi la Babati. Kila asubuhi kabla ya kaunta kufunguliwa, akaunti ya dada mmoja wa mikopo ilivuta faili zima la wateja: majina, vijiji, namba za simu, kikomo cha mkopo, historia ya malipo, kila kitu. Mtu akiangalia kumbukumbu peke yake angeweza kusema kuna wizi. Nilisafiri hadi Babati badala ya kumpigia simu, nikakaa naye wakati akifanya kazi.

"Kaka, mimi nahitaji kujua tu nani deni lake limepita kikomo, ili nisimpe mbolea zaidi," akaniambia. "Kwenye menyu lazima nimfungue mteja mmoja mmoja, na msimu wa kupanda foleni inafika barabarani."

Alikuwa anafanya kazi yake vizuri kwa njia pekee aliyoonyeshwa. Alihitaji namba ya mteja, jina na kiasi kilichobaki cha mkopo, vya tawi lake tu, na mfumo ulikuwa unampa kila kitu cha matawi yote kwa sababu haukuwa na namna ya kumpa kidogo. Tangu siku ile niliacha kuuliza ni nani anachukua data nyingi, nikaanza kuuliza ni kazi gani anayoifanya nayo na kazi hiyo inahitaji nini hasa. Karibu kila mahali jibu lilikuwa dogo kuliko kinachochukuliwa.

Kwa ajili ya watu kama yeye tulitengeneza maktaba ya ripoti iliyo pembeni. Usiku kazi moja ya mfumo hujaza humo majedwali madogo yenye safu zinazohitajika tu, kila tawi na jedwali lake, na haki zake ni za kusoma, si za kuandika. Ghala, ambalo lilihitaji salio la stoo la saa hiyohiyo, tuliliandikia programu inayoitwa kupitia ODBC na kurudisha salio la bidhaa iliyoulizwa bila mwombaji kuligusa faili lenyewe. Dada wa Babati alipata ripoti yake ikifunguka upesi kuliko mwanzo, kwa kuwa haivuti tena maelfu ya rekodi asizozihitaji, na yeye ndiye aliyewaeleza wenzake wa Karatu wasiogope mabadiliko.

Ndipo tukaingia kwenye haki za mafaili. Msimamo wangu hapa ni mkali, na ninajua wapo wataalamu wasioupenda: mageti peke yake hayatoshi, hata kama umenunua programu ya gharama kubwa ya kuyasimamia. Geti hulinda huduma inayoliita, na zipo njia zisizoita geti hata moja kati ya yale niliyoyataja. SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali na kuandika amri, ni mojawapo, na programu yoyote iliyoandikwa kutumia soketi, yaani muunganisho wa mtandao wenyewe, moja kwa moja ni nyingine. Toleo la 7.1 la IBM i la mwaka 2010 lilileta mageti ya soketi yanayosaidia kwa kiasi, lakini hayo huona muunganisho, hayaoni faili linalosomwa. Haki iliyowekwa juu ya faili huulizwa daima, haidhuru mtu ameingilia wapi.

Njia tuliyotumia ni ya zamani na imejengwa ndani ya mfumo. Mafaili yote ya programu yalihamishiwa kwa mmiliki mmoja, akaunti isiyo na nenosiri ambayo hakuna mtu anayeweza kuingia nayo. Haki za umma juu ya mafaili hayo zikawekwa *EXCLUDE, yaani asiyepewa haki kwa jina haruhusiwi chochote. Kisha programu za kuingilia, zile zinazofungua menyu, zikawekwa zitumie haki za mmiliki wake wakati zinapoendeshwa. Karani akiingia kwa menyu anafanya kazi kama kawaida, kwa sababu programu inamwazima haki ya mmiliki kwa muda ule. Akitoka na kwenda Excel kwa jina lilelile, haki hiyo haimfuati na faili linamkatalia. Tulifanya majaribio kwenye nakala ya maktaba kwanza, menyu moja baada ya nyingine, tukiwa na makarani wenyewe mezani, kwani wao ndio wanaojua ile ripoti ya pembeni inayochapwa mara moja kwa mwaka. Mashine yenye toleo la 7.3 au jipya zaidi ina msaada wa ziada hapa: inaweza kukusanya taarifa za haki zilizoulizwa na haki zilizotumika kwa kila mtumiaji, na hilo linapunguza sana kubahatisha.

Mafolda hayafuati utaratibu huo, maana haki za kuazima za programu hazifanyi kazi huko. Kwetu mzizi mzima wa mfumo wa mafolda, yaani folda ya juu kabisa iliyobeba nyingine zote, ulikuwa umeshirikishwa kwenye mtandao ili idara ya mauzo ipate picha za bidhaa. Kupitia mzizi mtu huona pia QSYS.LIB, yaani maktaba zote za hifadhidata zikiwa na sura ya mafolda, na kirusi cha kompyuta moja ya Windows kinaweza kuyafikia mafaili kwa haki za mtumiaji wake. Tuliondoa ushirika wa mzizi, tukashirikisha folda moja ya picha kwa kusoma tu, na tukatumia orodha ya haki inayoitwa QPWFSERVER kuwazuia watumiaji wa kawaida wasiione QSYS.LIB kwa njia hiyo. Kwa DDM, nilikuta kipengele cha PWDRQD kwenye amri ya CHGDDMTCPA kimewekwa kutodai nenosiri, jambo ambalo halina utetezi. Kilibadilishwa siku hiyo bila majadiliano, baada ya kumbukumbu kuthibitisha kwamba hakuna anayekitegemea.

Suala la *ALLOBJ lilikuwa la watu zaidi kuliko la mashine. Mwenye madaraka hayo haulizwi haki za faili kabisa, kwa hiyo haki zote za mafaili nilizozieleza hapo juu kwake ni bure. Mtaalamu wa programu ya malori alishikilia kwamba haitafanya kazi bila madaraka hayo. Sikubishana naye. Nilitoa kumbukumbu za geti, nikamwonyesha mafaili ambayo programu yake ilikuwa imeyagusa kwa msimu mzima, nikampa akaunti mpya yenye haki juu ya mafaili hayo tu. Ilifanya kazi. Akaunti za wataalamu wa nje sasa hukaa zimefungwa, na hufunguliwa kwa saa zilizoombwa na kuandikwa kwenye daftari la ukaguzi la mfumo, QAUDJRN.

Mageti yalibadilishwa kutoka kusikiliza hadi kukataa mwishoni kabisa, tawi moja kwa wakati, tukianza na Moshi kwa sababu ni karibu na ninaweza kufika ndani ya saa chache mambo yakiharibika. FTP iliruhusiwa kwa akaunti ya malipo ya benki tu, kutoka anwani moja tu ya mtandao, na mawasiliano yake yakawekewa usimbaji, yaani kugeuzwa yasisomeke na mtu wa njiani, kwani FTP ya kawaida hupitisha nenosiri likiwa wazi. Amri za mbali zilikataliwa kwa wote isipokuwa kitengo chetu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeifanya kazi hii isiwe tena hiari ya mtu wa kompyuta. Simu na kijiji cha mkulima aliyekopa mbolea ni taarifa zake binafsi, na kampuni ndiyo inayowajibika juu ya nani anazisoma. Mimi ningeifanya hata bila sheria. Mkulima wa Karatu aliyeandikisha jina lake kaunta ili apate mbegu hakukubali deni lake lisomwe na kila mwenye akaunti katika matawi yote.

Kila asubuhi kijana aliyenifuata kwenye kiti kile husoma orodha ya maombi yaliyokataliwa usiku. Mengi ni ya kawaida: kompyuta mpya ambayo anwani yake haijaandikwa, au mtu aliyehamishwa tawi. Nilimwachia utaratibu mmoja ambao ninaomba usiachwe, kwamba ombi likikataliwa mara ya pili kutoka kwa mtu yuleyule, asiishie kumwandikia barua pepe, bali ampigie simu au amfuate alipo, na amwulize anafanya kazi gani.